Kabla ya Kununua Mbolea, Jua Shamba Lako Limepungukiwa Nini

Mahindi yakidumaa huku kwetu Tororo na Busia, wa kwanza kulaumiwa ni mbegu, wa pili mvua. Nami niliwahi kulaumu hivyo. Msimu mmoja nilikopa pesa nikanunua urea, nikaitia shamba zima, na mahindi yakabaki mafupi, kingo za majani zikiwa na rangi ya zambarau. Zambarau ile ilikuwa dalili ya upungufu wa fosforasi, na urea hulisha mmea naitrojeni tu, kirutubisho kingine; haina fosforasi hata chembe. Deni nililipa, mavuno sikuyaona.

Fikiria unapika posho. Unga upo debe zima, kuni zimejaa, ila maji ni kikombe kimoja. Hata ukiongeza unga, watoto watalala njaa. Wajerumani wawili, Carl Sprengel na baadaye Justus von Liebig, waliandika jambo hili katika karne ya 19: mmea hukua kufikia pale kinapoishia kile kilichopungua zaidi. Ukikiongeza hicho, kingine ndicho kitakachouzuia.

Hata ziwani ni hivyo. Gugu maji lilipoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, lilikuta maji yenye naitrojeni na fosforasi tele kutoka mijini na mashambani, wala hapakuwa na mdudu wa kulila. Katika miaka ya 1990 likaziba ghuba na bandari, hadi fukusi wa kulila wakaletwa. Inaniuma kila nikikumbuka kwamba sehemu ya chakula cha gugu lile ni udongo wetu uliosombwa na mvua.

Watu nasi tunaongezeka. Sensa ya 2014 ilihesabu Waganda milioni 34.6, ile ya 2024, milioni 45.9. Ekari ni zilezile. Wazee walilipumzisha shamba lililochoka, sisi tunalima msimu wa kwanza na wa pili bila kuliacha lipumue, na kila gunia linalopanda lori kwenda Kampala linaondoka na rutuba yake.

Basi anza kwa kukagua majani. Mahindi machanga yenye zambarau kingoni yanalilia fosforasi, ingawa baridi nayo huweza kuleta rangi hiyo. Majani ya chini yakianza umanjano kwenye ncha na kushuka katikati kama herufi V, naitrojeni imepungua. Yakikauka kingoni kama yaliyoungua, shuku potasiamu. Hata migomba ya matoke huonyesha hivyo, maana kila mkungu hubeba potasiamu nyingi. Maganda ya matoke yarudishe shambani, usiyatupe barabarani.

Majani hayasemi yote, kwa hiyo jaribu. Pima vipande vinne vya mita 5 kwa 5, mahali pasipo na kichuguu wala kivuli. Cha kwanza usitie kitu. Cha pili tia TSP, mbolea ya fosforasi, gramu 300 wakati wa kupanda. Cha tatu tia urea gramu 300, mahindi yakifika magotini na udongo ukiwa na unyevu. Cha nne tia zote mbili. Vuna kila kipande peke yake, pima kwa mizani ileile. Ikiwa cha nne tu ndicho kilichoongeza mavuno, shamba lina njaa mbili. Ikiwa hakuna kilichosogea, peleka udongo maabara ya Kawanda au Makerere upimwe asidi, kwa sababu udongo mchachu huifunga fosforasi isifike kwenye mizizi, na hapo chokaa ya kilimo hutangulia mbolea.

Kama una kiduha, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi, ujue hustawi zaidi penye naitrojeni kidogo. Ling'oe kabla halijatoa mbegu, kwani mbegu zake hukaa ardhini zaidi ya miaka 10. Panda desmodiumu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari: huzuia kiduha na kuongeza naitrojeni.

Maharage nayo huleta naitrojeni, lakini usiyaamini kwa macho. Yakianza kutoa maua, chimba shina moja polepole, osha mizizi, pasua kinundu kwa ukucha. Ndani kukiwa na wekundu, kinafanya kazi. Kukiwa na weupe au kijani, hakikupi kitu. Huenda fosforasi ndiyo iliyokosekana, na samadi iliyooza vizuri, viganja viwili kwa shimo, itasaidia msimu ujao. Ifunike kwa majani ya migomba hadi siku ya kupanda, mvua isiikamue.