Kijumba cha Tafakuri Kando ya Msitu wa Usambara: Namna ya Kukibuni

Wengi wanaotaka kujijengea kijumba cha tafakuri katika milima ya Usambara huanza kwa kuchora madirisha, ilhali kazi ya kwanza ni ya masikio. Kabla ya kushika futi ya kupimia, kaa kwenye kiwanja mara tatu, alfajiri, saa saba mchana na saa mbili usiku, nusu saa kila mara, huku ukiandika kila sauti inayokufikia: bodaboda inayopanda mlima, mashine ya kusaga, redio ya jirani. Katika mabonde ya Lushoto sauti hufika mbali kuliko jicho linavyodhani, na kukisogeza kiwanja hatua hamsini hadi nyuma ya mgongo wa kilima kunaweza kuleta utulivu ambao hakuna ukuta utakaouleta.

Kiwanja chenyewe kiwe shambani mwako, ukingoni mwa msitu, wala si ndani ya hifadhi kama ile ya Magamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, kwa hiyo ile ndoto ya kijumba kilichoinamia kijito ni vyema iachwe mapema. Kaa mbali pia na mikaratusi mirefu, kwa kuwa hudondosha matawi hata siku isiyo na upepo.

Kwa mtu mmoja au wawili, chumba cha mita 3 kwa 4 kinatosha, na ukiongeza zaidi utakuwa umejenga stoo. Lushoto iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo mwezi Juni na Julai, baridi inapouma, jua huchomoza kaskazini mashariki na mchana hupita upande wa kaskazini. Dirisha kubwa lielekee huko, ili miale ya asubuhi ikufikie ukiwa umeketi. Vitabu vinavyoshauri dirisha lielekee kusini viliandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini mwa dunia.

Kwa kuta, ninapendelea fito na udongo juu ya msingi wa mawe uliopanda sentimita 45 kutoka ardhini. Tofali la kuchoma hula kuni nyingi, na ukuta wa mbao tupu hupitisha kila sauti, ilhali udongo mzito huzuia kelele na kupunguza baridi ya usiku. Udongo upimwe kwanza: jaza theluthi moja ya chupa iliyonyooka, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, kisha uiache siku nzima bila kuigusa. Mchanga utatua chini na mfinyanzi utakaa juu. Mfinyanzi ukizidi sana theluthi moja ya tabaka zote, ukuta utapasuka ukikauka, hivyo ongeza mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa. Nguzo za mkaratusi zisimame juu ya mawe badala ya kuchimbiwa, kwa sababu ya mchwa. Mbao za kenchi ziwe za msindano kutoka mashamba ya miti ya kupandwa, kama lile la Shume, zikiwa na kibali cha kusafirishia. Mkulo, mti wa asili wa misitu hii, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa, usiununue, kwa kuwa msitu umekwisha kuporwa miti hiyo vya kutosha.

Paa ndilo linaloharibu vijumba vingi. Cha kwanza nilichokisimamia nilikiezeka bati tupu, na masika yalipoanza, aliyekuwa ndani hakuweza kusikia hata pumzi yake mwenyewe. Nyasi ni kimya, lakini zinashika moto na maji yake hayafai kunywa. Suluhisho lililonifaa ni bati lenye dari chini yake: mbao nyembamba au mianzi iliyofumwa, juu yake maranda makavu yaliyochanganywa na chokaa kwa unene wa sentimita 10, kisha nafasi ya hewa kabla ya kufika kwenye bati. Chokaa huwafukuza wadudu. Paa litokeze sentimita 80 nje ya kuta pande zote, la sivyo mvua ya pembeni itaunyonyoa udongo.

Urefu wa kingo ya dirisha usiukisie. Keti kwenye mkeka mahali utakapoketi, mwambie fundi aweke alama ya chaki kwenye nguzo sawa na jicho lako, kisha kingo ya chini iwe sentimita 30 chini ya alama hiyo. Utaona vigogo na majani badala ya anga tupu. Sakafu ikiwa ya mbao, ifungwe kwa skrubu, kwani misumari hulegea na kila hatua ikalia. Pigilia vipande vya mpira wa tairi kuukuu kwenye fremu ya mlango ili usibamize.

Paa lenye mita za mraba 26 likinyeshewa mvua ya milimita 20 hupokea lita 520, ambazo sehemu yake hupotea kwa kuruka na kuosha vumbi. Kwa mtu mmoja, tangi la lita 1,000 linatosha, mradi mfereji wa bati usafishwe majani kabla ya vuli na masika. Choo kiwe cha kavu, cha kumwagia majivu, umbali usiopungua mita 30 kutoka kisimani. Taa moja ya sola inatosha kusomea.

Kuta za udongo zipakwe chokaa baada ya kukauka kabisa, na kila masika yakiisha zikaguliwe upande unaopigwa na mvua, kwa sababu ufa unaozibwa mwezi Juni kwa konzi moja ya udongo, ukiachwa hadi mwakani utadai fundi na siku mbili za kazi.