Kuhamisha Osileta Kutoka Risiva Moja ya R-390A Hadi Nyingine

Hapa Mwanza, fundi anayetunza risiva za valvu hana duka la kununulia osileta ya R-390A, risiva ya redio ya kampuni ya Collins. Osileta ni kile kifaa kinachozalisha masafa ya kuchagulia stesheni; hivyo mara nyingi risiva mbovu ndiyo inayoponya nzima. Kazi hii inawezekana kabisa, mradi ufuate mpangilio.

Kwanza, hakikisha osileta inafaa. Ile ya 51J-4, risiva nyingine ya Collins, nayo huzunguka mara 10 kwa megahezi 1, lakini hufanya kazi kati ya megahezi 2 na 3 kwa kuwa masafa ya kati ya risiva hiyo, yaani yale ambayo kila ishara inayopokelewa hubadilishwa kuwa, ni kilohezi 500. R-390A hutumia kilohezi 455, ndiyo maana osileta yake hushuka kutoka megahezi 3.455 hadi 2.455. Usijaribu kuzibadilisha hizo mbili.

Pili, zungusha kitufe cha kilohezi hadi namba zisome 000, kisha zima risiva, chomoa waya wa umeme na usubiri kapasita zimalize chaji, kwa sababu ndani mna volti zaidi ya 200. Chomoa nyaya za osileta, legeza skrubu zake na uitoe bila kugusa giya. Unyevu wa ziwa huacha kutu kwenye viunganishi, kwa hiyo visafishe kabla ya kufunga osileta mpya, la sivyo utalaumu koili isiyo na kosa.

Tatu, funga osileta mpya lakini uache kiunganishi cha mhimili kikiwa kimelegea. Washa risiva na uiache ipate joto kwa saa moja au zaidi. Umeme ukikatika, anza kusubiri upya. Weka BFO (osileta ndogo inayofanya ishara isikike kama mlio) kwenye sifuri, washa kalibreta, inayotoa ishara ya kupimia kila kilohezi 100, kisha zungusha mhimili wa osileta taratibu hadi mlio ushuke na kunyamaza huku namba zikibaki 000. Kaza kiunganishi.

Nne, na hapa ndipo penye ufundi wenyewe, zungusha kitufe mara 10 hadi namba zifike mwisho wa pili, zikisoma 000 tena. Mlio usiponyamaa hapo, tafuta mahali unaponyamaa na uandike tofauti yake. Ondoa kifuniko cha skrubu ya osileta ya kurekebisha ncha ya masafa, uigeuze kidogo, kisha urudi mwanzo kusawazisha tena, kwa kuwa skrubu hiyo husogeza ncha zote mbili. Rudia kwa subira. Fundi mwenye haraka huharibu uzi wa skrubu hapa.

Ikiwa skrubu imefika mwisho na mizunguko 10 ya kitufe bado haitoshi kufikia kilohezi 1000, koili ndogo iliyounganishwa mfululizo na ile kuu ndani ya osileta ina mizunguko mingi ya waya kuliko inavyohitajika kwa kiini kilichozeeka. Kuipunguza mzunguko mmoja huongeza upana wa masafa, lakini ni kazi ya kufungua kopo la osileta lenyewe, nami naishauri baada tu ya kujaribu osileta nyingine.

Mwishowe, pima kila kilohezi 100 kuanzia mwanzo hadi mwisho, na uandike makosa kwenye karatasi utakayoibandika ndani ya kifuniko, ili fundi atakayefuata ajue osileta ilivyokuwa ilipofungwa.