Kumpima Berger Allemand (mbwa mchungaji wa Kijerumani) kabla ya kumpandisha: hatua kwa hatua, Lubumbashi

Karatasi ya DNA haikuambii nyonga za mbwa zikoje. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea: mfugaji anatuma sampuli Ulaya, majibu yanarudi mazuri, anapandisha, kisha watoto wanaanza kuchechemea wakiwa na miezi minane. Ugonjwa wa nyonga hutokana na jeni nyingi, ukichochewa na uzito na chakula. Hakuna kipimo kimoja cha jeni kinachoukamata. Ndiyo maana tunaanza na picha ya eksirei, kisha damu, na DNA inakuja mwisho.

1. Chipu ya utambulisho, ile inayowekwa chini ya ngozi. Iwekwe kabla ya kipimo chochote. Namba yake ya tarakimu 15 iandikwe kwenye kila picha, kila chupa ya damu na kila bahasha. Majibu yenye jina tu, "Simba" au "Rex", hayathibitishi kitu.

2. Picha ya nyonga na viwiko. Mbwa awe ametimiza angalau miezi 12. Jike aliye kwenye joto, mwenye mimba au anayenyonyesha asipigwe: homoni hulegeza viungo na picha itamsingizia ugonjwa. Ngoja wiki nne baada ya joto kuisha au watoto kuachishwa.

Asile kuanzia jioni ya siku iliyotangulia, kwa sababu atapewa dawa ya usingizi. Usikubali ashikwe kwa nguvu akiwa macho. Misuli ikikaza, huficha ulegevu wa kiungo. Kabla ya sindano, uliza kama jenereta ya kliniki inafanya kazi. Umeme ukikatika mbwa akiwa ameshalala, dawa yote itarudiwa siku nyingine.

Mbwa alazwe chali, miguu ya nyuma inyooshwe, mapaja yalingane sambamba, na magoti yageuzwe ndani hadi vifuniko vyake viwe katikati. Kagua picha kabla mbwa hajaamka: matundu mawili ya nyonga yasipolingana ukubwa, mwili ulikuwa umepinda, na upande mmoja utaonekana mbaya kuliko ulivyo. Irudiwe palepale. Viwiko vipigwe katika usingizi huohuo. Alama ya kushoto na kulia, tarehe na namba ya chipu viwe ndani ya picha yenyewe, na kwa daktari atakayeisoma na kutoa daraja itumwe faili ya mashine. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu haifai.

Kwa mfumo wa FCI (shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa), nyonga hupewa daraja A hadi E. A na B tunapandisha. C apewe mwenzi wa A tu, na iwe kwa sababu nzito. D na E hapana, hata kama ni mlinzi hodari kiasi gani. Viwiko huanzia 0 hadi 3. 2 na 3 wasizae.

3. Damu. Wapimwe dume na jike, kwa ajili ya *Brucella canis*, bakteria anayeharibu mimba na kuvimbisha korodani. Kipimo cha Rose Bengal kinachotumika kwa ng'ombe hakimwoni bakteria huyu, kwa hiyo uliza maabara wanatumia kipimo gani. Rudia baada ya wiki nne hadi sita, maana maambukizi mapya hayaonekani mara moja. Binadamu pia huambukizwa: vaa glovu unapogusa mimba iliyotoka.

4. Sampuli ya DNA. Kwa Berger Allemand anza na jeni ya SOD1, inayohusiana na kupooza miguu ya nyuma uzeeni. Ongeza jeni ya MDR1: mbwa mwenye nakala mbili mbovu anaweza kufa kwa dozi ya ivermektini kinachotumika kutibu upele.

Mbwa asile kwa saa mbili. Mtoto anayenyonya atengwe na mama muda huohuo, la sivyo chembe za mama zitaingia kwenye sampuli. Sugua kijiti ndani ya shavu kwa sekunde 30, kwa kuzungusha. Kikauke kivulini bila kuguswa, kisha kiingie kwenye bahasha ya karatasi. Msimu wa mvua usikiharakishe. Kijiti chenye unyevu ndani ya plastiki huota ukungu njiani. Nawa mikono kati ya mbwa na mbwa.

5. Kuchagua mwenzi. Kwa SOD1, mbwa huwa hatarini akirithi nakala mbili mbovu, moja kwa kila mzazi. Mbebaji ana nakala moja mbovu, naye si mgonjwa. Akipandishwa na aliye safi, kila mtoto ana nafasi ya asilimia 50 ya kuwa mbebaji na hakuna atakayekuwa na nakala mbili. Mbebaji kwa mbebaji, nafasi ya nakala mbili ni asilimia 25: usifanye. Lakini usimtupe mbebaji mwenye nyonga A. Ukiwaondoa wabebaji wote, utabaki na damu chache, na mjini ambako dume mmoja huitwa kila kiwanja, ndugu wa baba mmoja hukutana upesi. Watoto wao hufikia asilimia 12.5 za damu ya karibu, yaani kiwango cha kuzaliana kwa ndugu. Chora vizazi vitatu vya pande zote mbili kabla ya kukubali dume.

Watoto wa mbebaji wapimwe kabla ya kuuzwa, na mnunuzi apewe nakala ya majibu yenye namba ya chipu.