Kumngoja manta mkubwa chini ya maji: mbizi ya Tofo, hatua kwa hatua

Kwetu Nungwi ukitaja samaki taa, mtu anaangalia mkia kwanza: mwiba uko wapi? Hata mimi nilikwenda Tofo, mkoa wa Inhambane huko Msumbiji, na hofu hiyo hiyo kichwani. Wavuvi wa kule manta humwita jamanta, jina la Kireno. Ni jamaa ya taa kweli, lakini mwiba wa kuchoma hana, na chakula chake ni vijidudu vinavyoelea majini, planktoni. Ukubwa ndio unaotisha: manta mkubwa wa bahari kuu hufika mita 7 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Hiace ya abiria haifiki huko kwa urefu.

Nimeongoza wageni wengi kwenda kumwona. Wanaomkosa, mara nyingi hawakumkosa kwa bahati mbaya. Walimfukuza wenyewe.

Hatua ya 1: Jipime kabla ya kulipa

Mwamba unaoitwa Manta Reef uko kwenye kina cha mita 18 hadi 25 hivi, na mkondo huwa unapita. Cheti cha mwanzo cha mita 18 hakitoshi. Uwe na cha kukufikisha mita 30. Kwa hewa ya kawaida, jedwali la PADI, shirika la kufundisha mbizi, linakupa dakika 29 tu kwenye mita 25. Kama una cheti cha nitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, itumie, maana kazi ya mbizi hii ni kungoja, na kungoja kunakula dakika. Miezi ya Juni hadi Agosti maji hupoa, kwa hiyo vaa suti ya milimita 5. Anayetetemeka hawezi kutulia.

Hatua ya 2: Boti

Tofo hakuna gati. Boti ya mpira inasukumwa kutoka mchangani, wageni na mabaharia pamoja, kisha mnarukia ndani. Vaa jaketi la kujiokoa, ingiza miguu kwenye mikanda iliyo sakafuni, shika kamba, na usiiachie mpaka nahodha avuke mawimbi yanayovunjika. Dawa ya kichefuchefu imezwe mapema, ukiwa bado nchi kavu. Ukiimeza ukishaanza kutapika, umeitupa.

Hatua ya 3: Shuka haraka, fika kimya

Toa hewa yote kwenye jaketi la mbizi ukiwa botini, jibwage kinyumenyume pamoja na wenzako, na mshuke mara moja. Ukibaki juu kurekebisha miwani, mkondo utakupitisha mwamba. Ila mita tano za mwisho punguza mwendo. Usitue juu ya mwamba kama gunia la mkaa.

Hatua ya 4: Kaa pembeni, ngoja

Hapa ndipo mbizi ilipo. Manta haji mwambani kutalii, anakuja kusafishwa. Tafuta kisamaki chembamba cha samawati chenye mstari mweusi ubavuni, kinachochezacheza juu ya jiwe moja. Hicho ndicho kinyozi wake. Wako pia samaki wengine wanaofanya kazi hiyo, na kila aina ina sehemu yake ya mwili: huyu matamvua, yule majeraha. Majeraha hayakosekani. Utafiti wa Inhambane ulikuta takriban robo tatu ya manta wa miambani wana alama za kuumwa na papa.

Ukishalijua jiwe, usikae juu yake. Kaa pembeni, karibu na sakafu bila kugusa matumbawe, mwili umelala, mikono umeikunja kifuani. Acheni njia ya kuingilia na ya kutokea. Kundi likijipanga duara umemfungia mlango. Umbali wa kuheshimu ni mita 3. Yeye akiamua kuupunguza, hiyo ni hiari yake.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na mgeni mmoja tu, na manta akatokea upande wa kulia, mweusi, mpole. Nikapiga mapezi mara tatu kumfuata ili mgeni apate picha. Mara tatu tu. Bawa moja likainuka, akageuka, na kwa pigo moja akawa kivuli. Tulikaa dakika 15 zilizobaki tukitazama jiwe. Mgeni hakulalamika, na hilo liliniuma zaidi.

Akikupitia juu ya kichwa, pumua polepole mapovu yasimpige tumboni kwa kishindo. Lakini usizuie pumzi. Kwenye mtungi, kuzuia pumzi kunaweza kukupasua mapafu. Wala usinyooshe mkono. Ngozi yake ina ute unaoikinga, na kiganja chako kinauondoa.

Hatua ya 5: Msome

Tazama yale mapezi mawili ya kichwani. Yakiwa yamesokotwa kama pembe, yuko safarini. Yakikunjuliwa mithili ya upawa, anakula, na hapo anaweza kupinduka sarakasi mara kadhaa mahali pale pale. Akipunguza mwendo na kuachanisha matamvua juu ya jiwe, yuko kwa kinyozi. Hawezi kusimama kabisa: lazima maji yapite kwenye matamvua ndipo apumue, kwa hiyo huzunguka na kurudi. Akikatiza mzunguko au kupiga bawa kwa ghafla, kuna mtu amemkera. Rudini nyuma.

Ukiona mmoja mbele na kadhaa wanamwandama mstari mmoja, kila anachofanya wanamwiga, hao ni madume wanaoposa. Jike hubeba mimba zaidi ya mwaka na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Ndiyo maana nyavu zinawamaliza haraka.

Hatua ya 6: Mtambue

Tofo kuna aina mbili, na hadi 2009 wataalamu walizihesabu kama moja. Mkubwa wa bahari kuu ana mdomo mweusi, na weusi wa mgongoni karibu na kichwa unaandika herufi T. Wa miambani ni mdogo kidogo, mdomo wake mweupe, na mara nyingi ana madoa kati ya matamvua. Huyu wa miambani ndiye aliyetupungukia sana: kati ya 2003 na 2011 kuonekana kwake Tofo kulishuka kwa 88%. Msumbiji ilipiga marufuku kuwavua manta kuanzia 2021.

Picha inayofaa ni ya tumbo. Madoa ya tumboni ni kama alama za vidole, hayabadiliki. Usizame chini yake kuitafuta; ukilala vizuri pembeni, atakapogeuka atakuonyesha. Piga na shina la mkia: vijiti viwili pale ni dume. Zima taa ya kumulika.

Hatua ya 7: Kupanda

Ondoka mwambani ukiwa na hewa ya kutosha, rusha boya la ishara, na ukae dakika 3 kwenye mita 5. Wageni wengi hapo hutazama saa tu. Tazama chini yako. Zaidi ya mara moja manta tuliyemngojea chini nusu saa nzima amekuja kututazama tukiwa tunaning'inia kwenye boya, jicho likitufuata mmoja mmoja.

Botini andika tarehe, mwamba na kina kabla hujanywa chai, kisha picha uitume MantaMatcher, hifadhi ya mtandaoni inayolinganisha madoa. Hata kama imeingia ukungu, au nusu ya tumbo imefichwa na pezi la mwenzako, itume hivyo hivyo.