Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujaketi Kula kwenye Mgahawa wa Mtaani Malaysia

Haya nawaandikia wanafunzi wapya na wazazi wanaokwenda kuwatembelea, kwa sababu kila muhula naulizwa maswali yale yale, na kila muhula kuna mtu anajikwaa pale pale. Nimekaa Gombak, kaskazini ya Kuala Lumpur, miaka minne. Sizungumzii migahawa ya kwenye maduka makubwa yenye menyu ya picha na kiyoyozi. Nazungumzia ule wa uchochoroni: meza za plastiki, feni ya ukutani, televisheni ya mpira, na makcik mmoja anayepika, anayepokea pesa na anayewakemea wanawe kwa wakati mmoja. Makcik ni shangazi, ni mama mdogo, ni mwanamke yeyote aliyekuzidi umri. Mwite hivyo, na mumewe mwite pakcik. Ukianza kwa kupunga mkono na kupiga mluzi, utakula ukiwa wa mwisho.

Angalia saa. Nasi lemak kwa asili ni chakula cha asubuhi. Jina lisikutishe, ni wali wa nazi tu, wameutia jani la pandan ambalo ni ndugu wa mkadi wetu, na pembeni kuna dagaa wa kukaanga, karanga, tango, yai na sambal, yaani pilipili ya kusaga iliyopikwa. Vile vifurushi vya jani la mgomba ukivifuata saa tano utakuta meza imeshapanguswa. Ijumaa mchana migahawa mingi ya Waislamu hufunga kwa ajili ya swala. Ramadhani mchana usihangaike, subiri bazari za jioni. Usiku wa manane nenda kwa mamak, Waislamu wenye asili ya Kitamil, ambao migahawa yao mingi huwa wazi usiku kucha. Pale agiza roti canai, ni chapati ya kusukwa na mchuzi wa dengu.

Pesa: beba noti ndogo. Wenyeji wengi hulipa kwa simu, lakini ya mgeni mara nyingi haina programu yao. Bakshishi si desturi, na ukiiacha mezani kuna atakayekukimbiza akidhani umesahau chenji.

Suala la halali lichukulie kwa makini kama linakuhusu. Bango linalosema hapa hatuuzi nguruwe halimaanishi kwamba kuku amechinjwa, wala kwamba mchuzi haukutiwa mvinyo wa kupikia. Nembo yenye uzito ni ya JAKIM, idara ya serikali inayoshughulika na mambo ya Kiislamu. Vibanda vingi vya Wamalay na mamak havina nembo hiyo ingawa wenyewe ni Waislamu safi, hapo utaamua mwenyewe. Mimi nilikuwa nakula. Kwa Wachina jifunze neno babi, ndiye nguruwe. Char kway teow, zile tambi bapa za mchele zinazokaangwa kwa moto mkali, kwao mara nyingi hupikwa kwa mafuta ya nguruwe. Na bak kut teh, fahari ya mji wa Klang, ni supu ya mbavu za nguruwe tangu mwanzo. Nimemwona mtu mzima na kofia yake akiisifia harufu ya viungo pale mlangoni. Tulimshika mkono.

Vinywaji vyao ni vitamu kupita kiasi. Teh tarik, chai inayomiminwa kutoka juu mpaka itoe povu, hutiwa maziwa mazito ya kopo ambayo yenyewe ni sukari. Mwenye kisukari aseme teh o kosong, yaani chai ya rangi bila sukari, au kurang manis, utamu upunguzwe, na aseme kabla chai haijamiminwa. Mimi nakushauri teh o ais limau: chai ya rangi, barafu na limau. Neno ni lile lile limau, ila kinachokamuliwa humo kinafanana zaidi na ndimu.

Kuhusu pilipili, uswahili wako uache uwanja wa ndege. Cili padi ni pilipili kichaa, na wanaisaga kama sisi tunavyosaga vitunguu. Kurang pedas, ukali upunguzwe, ndilo neno.

Samaki na ngisi: usinyooshe kidole kabla hujauliza bei. Ubao ukisema ringgit 12, mara nyingi ni kwa gramu 100, si kwa samaki mzima. Samaki wa gramu 800 ni ringgit 96, na mwenzio aliyekualika anatabasamu huku anahesabu kichwani. Kwenye nasi kandar ni mtego wa aina hiyohiyo. Hicho ni chakula cha Penang, ambako zamani wachuuzi walikibeba kwa mzegazega begani, na kandar ndio mzegazega wenyewe. Unachagua vitoweo, wanakumwagia michuzi mitatu, na hesabu inafanywa sahani ikiwa tayari imejaa. Kuku na bamia havitakufilisi. Kamba wakubwa na kichwa cha samaki, uliza kwanza.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Mdogo wangu wa kiume ana mzio wa kamba. Tangu utotoni kule Tanga nyumba nzima inajua: kamba hawaingii jikoni kwetu, na akialikwa harusini mama huwa anatanguliza salamu kwa mpishi. Alipokuja kunitembelea, mwaka wangu wa pili, nilimpeleka kwa makcik wangu wa kila siku. Nilijiona mwenyeji. Nikauliza kwa Kimalay changu cha kujivunia, ada udang, kuna kamba? Makcik akatikisa kichwa, hakuna. Na hakudanganya, naomba hilo lieleweke. Sahanini kulikuwa na wali, dagaa, nusu yai na ile sambal nyekundu. Kamba hakuwepo hata mmoja.

Tonge la nne au la tano akaanza kujikuna shingo. Akasema ni pilipili. Nikacheka, nikamwambia siku hizi amekuwa mtu wa bara. Akanywa maji. Mara midomo ikavimba, mabaka yakatoka mikononi, sauti ikawa ya mtu mwenye tonge kinywani, na kinywani hamna kitu. Kicheko kikanikauka. Kijana wa makcik alitupakia kwenye gari lake la sokoni, juu ya magunia ya vitunguu, hakuuliza nauli wala jina. Hospitalini walimchoma sindano ya adrenalini pajani, na dakika chache baadaye nikasikia pumzi yake ikipita. Wakambakiza chini ya uangalizi mpaka usiku, kwa sababu hali hiyo ikishatulia inaweza kurudi.

Daktari akauliza amekula nini. Nikasema nasi lemak, lakini haina kamba, tuliuliza. Akanitazama kidogo. “Sambal alikula?” Alikula. “Basi kuna belacan.”

Belacan ni uduvi, wale kamba wadogo wadogo. Wanawatia chumvi, wanawaanika juani, wanawaponda, wanawaacha wachachuke, mpaka wanakuwa kipande kigumu cha rangi ya kahawia chenye harufu inayokaa kwenye pazia siku mbili. Mpishi anakata kipande kidogo, anakichoma, anakisaga na pilipili. Moto hauondoi kinachomdhuru mwenye mzio wa kamba, na wala hahitaji kula kingi. Lakini kwa makcik belacan si kamba, ni kiungo, ndiyo ladha yenyewe ya mchuzi. Ni kama mgeni akuulize pilau yako ina mti ndani yake, useme hapana, na umetia mdalasini.

Nilirudi kwake kesho yake kumweleza. Alilia kuliko alivyolia mama kwenye simu. Kisha akanitolea kipande chenyewe kikiwa kimefungwa kwenye karatasi, akanisogezea puani, akawa anarudia tu, ini, ini, hiki, hiki. Miaka miwili nilikuwa nakula kitu hicho kila asubuhi na sijawahi kuuliza ni nini.

Kwa hiyo mwenye mzio, usiulize kitoweo, uliza kiungo. Andika kwenye karatasi, usitegemee matamshi yako: Saya alergi udang. Belacan tak boleh, udang kering tak boleh. Maana yake una mzio wa kamba, na belacan huwezi, na kamba wakavu huwezi. Mpe anayepika, si anayeleta sahani. Akisita, kula yai la kukaanga na roti, au ondoka, hatakasirika. Mboga ya kangkung huwa inakaangwa na belacan, hata usiione. Asam laksa ya Penang, ile tambi ya mchuzi wa samaki na ukwaju, humaliziwa kwa kijiko cha rojo nyeusi ya kamba. Rojak inachanganywa na rojo hiyohiyo, na kwa macho utaapa ni matunda tu na asali. Wa karanga naye ajihadhari: satay ni mishkaki, lakini mchuzi wake ni karanga tupu, na kwenye nasi lemak karanga zimo kifurushini.

Kama daktari wako amekuandikia sindano ya adrenalini, iwe mfukoni, isiwe hotelini. Vidonge vya kuzuia mwasho havifungui koo. Namba ya dharura ni 999. Na jua mapema hospitali ya karibu iko wapi. Si kila mgahawa una kijana mwenye gari.

Yaliyobaki ni madogo. Kula kwa mkono wa kulia, na usiushangae ule mdumu wa maji na beseni lake, ni wa kunawia, kuna profesa wa kwetu aliyejimiminia kwenye glasi. Beba karatasi za kufutia. Jioni mvua inashuka bila salamu, hivyo usiketi meza ya ukingoni mwa mtaro hata kama ndiyo yenye upepo. Begi lisining'inizwe nyuma ya kiti. Paka atakuja, usimpe kitu, wako wengine saba chini ya gari. Duriani, lile tunda la harufu kali, kula hapo hapo barabarani, hoteli nyingi zimeweka alama ya kulikataza mlangoni. Na ukitaka kurudi nyumbani na belacan, ifunge mifuko mitatu, uitie kwenye chombo chenye mfuniko, na usiiweke begi moja na nguo za harusi ya mtu. Kanzu ile imefuliwa mara nne.