Kioo cha sanrufu kimevunjika? Anza na maji, kioo kitafuata

Msimu wa maembe ukiingia hapa Tabora, kuanzia mwezi wa 11 hadi wa kwanza, gereji yetu ya Isevya hupokea magari yenye tundu juu ya paa. Harrier, Forester, X-Trail, Mark X, haya magari ya Japani yaliyokuja na sanrufu zake, yaani dirisha la kioo kwenye paa. Wenye magari wanalaumu embe, na mji wetu umejaa miembe kila mtaa, kwa hiyo lawama inapata pa kushika. Ila embe peke yake mara nyingi halivunji. Likidondoka kutoka mita 8 linafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 45 kwa saa, na likiwa bivu linapasuka lenyewe. Kinachovunja ni jiwe la mtoto anayetungua maembe, au embe lililokuta kioo kina jeraha ukingoni tangu siku kilipopigwa kokoto na lori huko barabarani.

Sanrufu nyingi zina kioo cha tempa. Hicho kilipashwa moto kupita nyuzi 600 kisha kikapulizwa hewa ghafla, upande wa nje ukakaza na kiini kikabaki kinavuta. Ndiyo sababu ni kigumu, na ndiyo sababu kikijeruhiwa pembeni hakipati ufa mmoja kama kioo cha mbele, kinamwagika chote kwa mara moja punje punje. Hutokea hata gari limeegeshwa juani, hakuna aliyeligusa, mara unasikia mlio kama bunduki. Hapo si mkono wa mtu. Kioo kilikuwa na kasoro au jeraha, joto likamalizia.

Nikwambie mapema ninachoamini katika kazi hii: kubadilisha kioo ni sehemu nyepesi. Kazi iko kwenye maji na punje za kioo zilizoingia mahali usipopaona. Gari linarudi gereji baada ya mwezi, kioo kipya kizima kabisa, lakini kapeti limelowa na linanuka, kwa sababu aliyefunga alitazama juu tu.

Kikivunjika tu

Kama uko barabarani, punguza mwendo taratibu, weka gari pembeni, washa hazadi. Usiguse swichi ya sanrufu. Na kile kibao cha ndani cha kuzuia jua, kama kilikuwa kimefungwa, kiache hivyo hivyo. Kimebeba punje zote juu yake. Ukikivuta nyuma unazisukuma ndani ya dari, na huko kuzitoa ni shughuli nyingine kabisa. Kama kilikuwa wazi, washushe watu polepole, watoto kwanza, wasijipanguse kwa viganja. Punje za tempa si visu, lakini zinachana ngozi na zikiingia jichoni ni hospitali.

Kabla hujafagia, piga picha. Ya paa kwa nje, ya ndani, na ya jiwe au embe kama lipo. Mwenye bima kubwa asome mkataba wake au apige simu, maana sharti la vioo linatofautiana, wengine wanahesabu kioo cha mbele tu. Mwenye bima ndogo ajue hii ni ya mfukoni kwake.

Kisha vaa glavu na miwani, tandika shuka kuukuu kwenye siti, okota vipande vikubwa kwa mkono na vidogo kwa mashine ya kunyonya vumbi. Ufagio peke yake unazisukumia chini ya siti na kwenye matundu ya mikanda.

Kuziba kwa muda wengi wanakosea. Wanabandika nailoni kwa ndani, upepo unainyanyua, maji yanajaa kama karai. Bandika kwa nje. Futa vumbi la paa kwa kitambaa chenye spiriti, subiri pakauke, tandaza nailoni nene ipite ukingo wa tundu kiganja kizima kila upande, vuta iwe imekaza, halafu utepe mpana uzunguke pande zote. Ukingo wa mbele uwekee utepe mara mbili maana ndio unaopigwa na upepo. Usipite kilomita 50 kwa saa. Na usiuache utepe huo juani wiki nzima, jua letu linayeyusha gundi kwenye rangi. Ikishaganda, ipake mafuta ya kupikia, iache ilainike, ifute. Usiikwangue kwa kisu.

Kutafuta kioo

Usiende kwa fundi wa madirisha ya nyumba akukatie kioo. Kioo cha kawaida kikivunjika juu ya kichwa kinatoka vipande virefu vyenye makali, na kioo cha tempa hakikatwi wala kutobolewa kikishapikwa, ukikijaribu kinamwagika mikononi mwako. Tena cha sanrufu kimepinda kufuata paa, na kimegandishwa kwenye fremu ya chuma au plastiki yenye matundu ya bolti. Unanunua kioo pamoja na fremu yake na mpira wake wa pembeni, kipande kimoja.

Hapa mjini huwa hatuvipati kirahisi, vingi tunaagiza Dar, kwa wauza spea za mtumba wa Kariakoo na Ilala. Muuzaji mpe namba ya chesisi, si jina la gari tu. Ukisema "Forester" umesema magari kadhaa tofauti, kila toleo na kodi yake, na sanrufu ya toleo la SG5 haiingii kwenye SH5. Mtumie pia picha ya fremu yako iliyobaki, na vipimo: upana, urefu, umbali kati ya tundu la bolti na tundu. Yeye akutumie video ya kioo chake, azungushe kamera kwenye ukingo wote polepole. Ukiona hata kijidoa kilichomeguka pembeni, kikatae. Mkwaruzo katikati unavumilika, wa ukingoni haukubaliki.

Kwenye basi kisafiri kikiwa kimesimama kwa ukingo, si kulala. Kilale chini ya magunia uone kitakachofika. Sponji ya godoro pande zote, kisha boksi la mbao nyembamba, na neno KIOO kwa herufi kubwa pande mbili. Ukifika kupokea, fungua boksi pale pale ofisi ya vifurushi kabla hujasaini.

Usafi, na hapa usiwe na haraka

Wakati kioo kiko njiani, safisha. Watu wengi hawajui kwamba mpira wa sanrufu haukutengenezwa kuzuia maji yote. Unazuia mengi, yanayopita yanaangukia kwenye mfereji mwembamba unaozunguka tundu, na kila kona ya mfereji huo kwa kawaida ina mrija. Mirija miwili ya mbele inashuka ndani ya nguzo za kioo cha mbele na kutokea karibu na bawaba za milango. Miwili ya nyuma inashuka kwenye nguzo za nyuma na kutokea karibu na matairi au bampa. Sasa fikiria punje za kioo, vumbi letu jekundu, na majani ya mwembe vikikutana kwenye mrija mwembamba kuliko kidole.

Mama mmoja mfanyabiashara wa asali aliniletea Harrier yake, kioo kizima, maji yanadondoka kwenye taa ya ndani. Akaniambia, "Fundi, we zungushia silikoni tu, sihitaji kuifungua." Nikamuuliza, "Mama, nikiziba juu, na yale yatakayopenya yatashukia wapi?" Tukafungua pamoja, nikamwonyesha kona ya mbele kushoto: tope limeshikana na mbegu, limeanza kuotesha kijani. Nilipolitoa, maji yaliyokuwa yamesimama yalishuka yote na kutokea chini ya mlango. Akayaangalia yakimwagika ardhini, hakutaja silikoni tena.

Fanya hivi. Nyonya punje kwenye reli na mfereji kwa mashine, kisha pitisha brashi ya meno, nyonya tena. Zile zilizonasa kwenye grisi ya zamani hazinyonyeki. Zifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilichoguswa spiriti kidogo. Petroli usitumie, inaharibu mipira. Punje moja ikibaki kwenye reli, siku sanrufu inafunguka itakwama upande mmoja wakati mwingine unasonga, kioo kinapinda, na umerudi ulikoanzia.

Mirija, ichokonoe kwa uzi mnene wa mashine ya kufyekea nyasi, uliochongwa ncha iwe duara. Unasukuma huku unauzungusha. Waya wa breki ya baiskeli unafaa tu kama ncha yake umeikunja, vinginevyo unatoboa mrija ndani ya nguzo. Upepo wa kompresa nauogopa: ukiufungulia kwa nguvu unaweza kuchomoa mrija kwenye kiungo chake, na hapo utabomoa dari lote kuurudisha. Halafu chukua chupa ya maji, mimina polepole kwenye kila kona, mwenzako achungulie chini. Kona nne, vijito vinne. Ukihesabu vitatu, kazi haijaisha.

Ikibidi kufungua vifuniko vya nguzo ili ufikie mrija, chomoa kwanza nyaya za betri, anza na hasi, na usubiri dakika kadhaa. Magari mengi yana eabegi za pembeni, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga, zilizolala humo humo. Kama hujawahi kuvifungua, hapo mwite aliyewahi.

Kufunga

Sogeza kibao cha jua nyuma sasa kwa kuwa kumeshasafishwa. Pembeni mwa tundu kuna vifuniko vya plastiki, vinatoka kwa vidole. Nyuma yake utaona bolti za kichwa cha nyota, mbili au tatu kila upande. Nyingi ni toksi namba 25 au 30. Usilazimishe bisibisi ya kawaida, ukishakula kichwa cha bolti utatafuta drili juu ya siti za watu. Piga picha mkao wa mikono ya reli kabla hujalegeza kitu. Fremu ya zamani inatoka kwa juu.

Reli ipake grisi nyepesi ya silikoni au ile nyeupe ya lithiamu, kiasi cha kung'aa tu. Grisi ya beringi isitumike humu, inakamata vumbi na baada ya muda inasaga reli.

Kioo kipya kishikwe na watu wawili, kila mmoja upande wake, kishushwe kutoka juu. Weka bolti zote kwa vidole, usikaze. Halafu kilinganishe na paa: ukingo wa mbele ukae sawa na paa au chini yake kwa milimita 1, wa nyuma ukae sawa au juu kwa milimita 1. Mbele ikiwa juu, upepo utapiga mluzi njia nzima hadi Nzega. Kaza kidogo kidogo kwa kupishana kushoto na kulia, kwa nguvu ya kiganja, si ya bega. Hizi bolti ni ndogo, na kukaza kupita kiasi kunakibana kioo mahali pamoja, ndiyo mwanzo wa kupasuka tena.

Jaribu mpira kwa karatasi. Funga sanrufu ukingo wa karatasi ukiwa umebanwa, uivute. Inatakiwa ikushike kidogo kila mahali. Pakilegea, rekebisha pale pale.

Mota nayo huwa inapoteza kumbukumbu ya mwisho wa safari yake. Kwenye magari mengi, injini ikiwa inawaka na gari limesimama, unabonyeza swichi upande wa kufunga au kuinua na kuishikilia sekunde 10 au zaidi, mpaka kioo kijisogeze chenyewe na kusimama. Kila gari lina utaratibu wake kwenye kitabu chake, ufuate huo. Mikono ya watoto iwe mbali.

Zile sanrufu pana zinazofunika paa karibu lote, kipande kisichofunguka kimegandishwa kwa gundi ya vioo vya mbele. Hiyo inataka kukatwa kwa waya, gundi mpya, na saa za kukauka bila gari kutikiswa. Mpe fundi anayebandika vioo vya mbele kila siku.

Mwisho, mwaga maji kwa ndoo kutoka upande wa mbele, kiasi cha mvua, si kwa mashine ya kuoshea magari. Kaa ndani na tochi. Gusa kitambaa cha dari kwenye kona, gusa nguzo, ingiza mkono chini ya kapeti la dereva na la abiria wa mbele. Pakiwa pakavu, tembea kwenye njia ya makorongo kisha urudie, kwa sababu mrija usioshika vizuri unachomoka kwenye mtikisiko. Na kila mwaka mwezi wa 10, kabla mvua hazijaanza na maembe hayajakomaa, fungua sanrufu, futa mfereji, mimina ile chupa ya maji kwenye kona zote nne.