Kabla ya Kutaja Bei: Mambo ya Kuzingatia Unapojiandaa Kuuza Nyumba Nakuru

Watu wengi wanaoamua kuuza nyumba mjini Nakuru huanza na rangi. Humwita fundi, hupiga picha sebule ikiwa bado inanukia, kisha hutaja bei waliyoisikia kwa jirani. Utaratibu huo umegeuzwa juu chini. Mnunuzi wa nyumba ya kawaida huku kwetu, awe mwalimu, askari wa Lanet, mhadhiri wa Egerton au mfanyabiashara wa mjini, mara nyingi hutegemea mkopo wa benki au wa chama cha akiba na mikopo, na mkopeshaji wake hatazami rangi ya sebule, hutazama hati. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya muuzaji ni kufungua faili yake mwenyewe na kuisoma kwa jicho la mtu asiyemwamini.

Anza kwa kufanya upekuzi rasmi wa hati yako katika usajili wa ardhi, hata kama hati miliki iko kabatini na hujawahi kugombana na mtu. Upekuzi ndio unaoonyesha mambo ambayo mwenyewe amesahau. Linalojitokeza sana ni rehani: mkopo ulimalizika kulipwa miaka mingi iliyopita, barua ya benki ya kuthibitisha malipo ipo, lakini hati ya kuondoa rehani haikuwahi kusajiliwa, na katika daftari la serikali nyumba bado inashikiliwa na benki. Jambo jingine ni majina. Ikiwa hati ina majina mawili na kitambulisho kina matatu, au herufi moja imebadilika, wakili atahitaji kiapo cha kueleza tofauti hiyo, na ni heri kiapo kiandaliwe sasa kuliko kungojwa na mnunuzi ambaye muda wa mkopo wake unahesabiwa.

Linganisha pia ukubwa. Ploti inayoitwa hamsini kwa mia ina futi za mraba 5,000, yaani takriban hekta 0.0465, ilhali thumni kamili ya ekari ni karibu hekta 0.0506. Hati huandika hekta, matangazo huandika thumni, na mnunuzi mwenye mpima wake atagundua tofauti hiyo siku ya kwanza. Andika kile kilicho kwenye hati. Wakati huohuo tafuta mawe ya mipaka. Kama ukuta wa jirani umesogea au jiwe moja limefukiwa chini ya banda la kuku, lipia mpima aliyeidhinishwa arudishe mipaka kabla hujamleta mtu yeyote kutazama.

Aina ya umiliki ina uzito wake katika bei. Nyumba nyingi za zamani karibu na katikati ya mji ziko kwenye ardhi ya ukodishaji wa miaka maalum, na benki ya mnunuzi itahesabu miaka iliyosalia kabla ya kukubali kukopesha. Kwenye pembezoni kuna tatizo la aina nyingine, kwani sehemu kubwa ya ardhi ya Nakuru ilinunuliwa baada ya uhuru kupitia kampuni na vyama vya kununua mashamba, na hadi leo zipo familia zinazoishi juu ya cheti cha hisa au kadi ya kura, yaani karatasi ya kugawiwa ploti kwa kupigiwa kura, bila hati miliki. Nyumba ya namna hiyo inaweza kuuzwa, lakini haiwezi kudai bei ya jirani mwenye hati, na atakayeinunua atakuwa mwenye fedha taslimu. Na pale ardhi inapohesabiwa bado kuwa ya kilimo, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Njoro, Rongai na Bahati, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inadai ridhaa ya bodi ya ardhi ya eneo hilo, na ombi linapaswa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba ulipotiwa saini. Mauzo yasiyo na ridhaa hiyo ni batili, hata kama fedha zote zimelipwa.

Familia nayo ina neno. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu makao ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya wanandoa wote wawili, hata kama hati ina jina la mmoja. Mwenzi ambaye hajashirikishwa anaweza kusimamisha mauzo siku yoyote, kwa hiyo mazungumzo hayo yafanyike mezani nyumbani, wala si ofisini kwa wakili mbele ya mnunuzi. Ikiwa nyumba bado iko kwa jina la mzazi aliyefariki, hakuna cha kuuza kwa sasa: sheria ya urithi inakataza kuuza mali isiyohamishika kabla ya hati ya usimamizi wa mirathi kuthibitishwa na mahakama, na kwa kawaida uthibitisho huombwa baada ya miezi sita tangu hati hiyo ilipotolewa. Warithi wanaopokea malipo ya awali mapema kwa matumaini kwamba mahakama itaharakisha hujikuta na deni wasiloweza kulirudisha. Mwisho wa faili ni reti za kaunti na, kwa ardhi ya ukodishaji, kodi ya pango la ardhi: lipa malimbikizo, chukua vyeti vya kutodaiwa, na uweke pamoja nazo ramani za ujenzi zilizoidhinishwa, ikiwa unazo.

Baada ya hapo ndipo uingie ndani ya nyumba. Nakuru iko ndani ya Bonde la Ufa, chini ya Menengai, juu ya udongo wa majivu ya volkano, na kila mnunuzi aliyekulia hapa hutazama nyufa kabla ya kutazama jiko. Si nyufa zote zenye maana moja. Mistari myembamba kama nywele kwenye plasta ni ya kawaida. Ufa unaopanda kwa ngazi kufuata viungo vya mawe, au unaoanzia kwenye pembe ya dirisha na kupanuka kuelekea juu, ni habari ya msingi. Chukua penseli, weka alama kwenye ncha zote mbili za ufa na uandike tarehe pembeni, kisha subiri mvua kubwa zipite. Ufa uliobaki ndani ya alama zake umetulia, na unaweza kuuziba kwa moyo safi. Ukivuka alama, mwite mhandisi, uchukue ripoti yake, na uiweke kwenye faili pamoja na gharama ya marekebisho. Kuuziba kwa puti na kupaka rangi juu yake ni kujitafutia kesi, na isitoshe msimu wa mvua unaofuata utaufungua.

Dari husema mengi pia. Doa la kahawia lenye mviringo wenye ukingo mweusi zaidi kuliko katikati huonyesha maji yaliyoingia na kukauka mara nyingi. Panda juu ya dari mchana, zima taa, utafute pale mwanga unapopenya kwenye mabati. Mara nyingi ni misumari michache iliyolegea au mfereji uliojaa majani, kazi ya siku moja kwa fundi, ambayo isipofanywa mnunuzi ataihesabu kama paa zima.

Maji yanahitaji ukweli wa namna mbili. Kwanza, eleza yanatoka wapi: ikiwa ni mfereji wa kampuni ya maji, taja siku za mgao na ujazo wa tanki, ikiwa ni kisima, kuwa na majibu ya maabara. Visima vingi vya eneo hili vina floridi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita, na wazazi wenye watoto wadogo wanajua athari zake kwenye meno. Kisima chenye kipimo na chujio la mkaa wa mifupa, aina ambayo Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imekuwa ikiisambaza, kinauzika vizuri zaidi kuliko kisima kinachosifiwa kwa mdomo tu. Pili ni maji yanayokuja bila kuitwa. Ziwa Nakuru limepanda sana tangu miaka ya 2010, na familia za upande wa Mwariki na Barut zimewahi kuhamishwa na maji. Mwenye nyumba upande huo ataulizwa, na jibu linalosaidia ni ripoti ya mpima inayoonyesha mwinuko wa ploti. Vilevile taja kama maji taka yanaingia bomba la mji au tanki la septiki, na kama ni tanki, lizibue kabla ya kuanza kupokea wageni.

Kuhusu urembo nitasema machache. Paka rangi nyeupe iliyopoa au krimu, rekebisha vitasa na swichi, fyeka ua, ondoa nusu ya samani. Usijenge jiko jipya. Anayenunua atabomoa kabati zako kwa furaha na hatakulipa hata senti ya gharama yake. Ikiwa barabara ya kufika kwako ni ya udongo, fedha ya jiko hilo itumie kumwaga lori mbili za murramu langoni. Mnunuzi aliyekwama matopeni hana hamu ya kusikia kuhusu vigae.

Sasa bei. Makosa makubwa mawili huanzia hapa. La kwanza ni kujumlisha risiti za ujenzi na kuita jumla hiyo thamani ya nyumba, ilhali soko halikutumwa kukurudishia ulichotumia. La pili ni kulinganisha na bei zilizotangazwa, ambazo ni matamanio ya wauzaji wenzako, wala si fedha zilizolipwa. Muulize wakili au mthamini nyumba zilizouzwa mtaani kwako katika mwaka uliopita zilikwenda kwa ngapi. Mlipe mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini akuandikie ripoti, kwa sababu benki ya mnunuzi itamtuma wake, na ni vizuri kujua mapema takwimu atakayoikaribia. Kisha jipime kwa kodi ya nyumba: ikiwa nyumba kama yako inapangishwa kwa 30,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni 360,000, na ukidai milioni tisa, mwekezaji anapata asilimia 4 kabla ya ukarabati. Atakukumbusha kwamba hatifungani za serikali hulipa zaidi na hazivuji paa. Familia inayotaka kuishi humo haipigi hesabu hiyo, lakini ukijua bei yako inawafaa wepi utajua pia pa kutangazia.

Jihadhari na habari njema. Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, bei za mdomo zilipanda usiku mmoja, ingawa hati ya jiji haikumwongezea mtu bomba la maji taka. Hivi sasa wimbo ni upanuzi wa barabara kuu inayopita Nakuru, kutoka Rironi hadi Mau Summit. Aliye na ploti inayopakana na barabara kuu ana haki ya kuutaja. Aliye ndani kabisa ya Kiamunyi asiuuze kama wake.

Acha nafasi ya mapatano, lakini iwe nafasi ya mtu mzima, pengine asilimia 5 au zaidi kidogo. Anayepiga simu na kuuliza moja kwa moja, “Mama, bei ya mwisho ni ngapi?” anastahili kujibiwa kwa upole kwamba bei ya mwisho huzungumzwa na aliyeiona nyumba. Madalali nao wasiachiwe uhuru wote. Nyumba moja ikitangazwa na watu watano kwa bei tano, mnunuzi huchagua ya chini na kushuku zilizobaki. Mpe kazi wakala mmoja aliyesajiliwa, kwa barua inayotaja bei, kamisheni na muda, na ukatae utaratibu wa dalali kuongeza chake juu ya bei yako kwa siri.

Kabla ya kukubali takwimu yoyote, ondoa kodi. Kodi ya faida ya mtaji, ambayo hulipwa na muuzaji, ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 kuanzia Januari 2023. Tuseme ulinunua kwa 4,200,000 na unauza kwa 9,000,000: faida ya 4,800,000 hutozwa 720,000. Ukiwa na risiti za maboresho za 1,200,000, kodi hushuka hadi 540,000, na bahasha ya risiti imekuokolea 180,000. Makao yako binafsi yamesamehewa ikiwa umeishi humo mfululizo kwa miaka mitatu kabla tu ya uhamisho, na hapo ndipo waliostaafu na kurudi kijijini hupoteza: waliiacha nyumba kwa wapangaji miaka miwili, na msamaha ukaenda na wapangaji. Ushuru wa stempu ni wa mnunuzi, asilimia 4 mjini na 2 mashambani, lakini hukokotolewa kwa thamani itakayokubaliwa na mthamini wa serikali, kwa hiyo ombi la kuandika bei ya chini kwenye mkataba likataliwe.

Makubaliano ya mdomo kuhusu ardhi hayatekelezeki mahakamani. Lazima yaandikwe, yatiwe saini na kushuhudiwa. Kwa desturi mnunuzi hutoa asilimia 10 ambayo hushikiliwa na wakili, na muda wa kukamilisha huwa siku 90. Hati halisi na nyaraka za uhamisho zikae kwa wakili wako mpaka salio lilipwe au benki ya mnunuzi itoe ahadi ya maandishi ya kulilipa. Wapangaji wapewe notisi mapema, mita ya umeme na akaunti ya maji zihamishwe jina, na siku ya kukabidhi funguo nyote wawili msome namba za mita pamoja na kuzitia saini kwenye karatasi moja.